Isotopu ni wajina: Kwa nini uzito hauamui jina la atomu

MSOMAJI mmoja anayefunza Kemia katika shule ya upili, na ambaye hutafsiri vitini vya afya nyakati za likizo, amenitumia ukurasa mmoja wa kazi yake. Kitini chenyewe kinawalenga wagonjwa wa saratani ya tezi ya shingo. Aya ya kwanza inamwambia mgonjwa ajiepushe na iodini kwa wiki moja au mbili: asitumie chumvi iliyotiwa iodini, aache samaki wa baharini, apunguze maziwa na mayai. Aya ya pili inamwambia kwamba baada ya hapo atapewa ‘aina ya iodini’ aimeze. Mhariri wake amemrudishia kazi akidai kwamba amejipinga. “Nifanyeje?” ananiuliza.

Hajajipinga. Matibabu ndivyo yalivyo hasa. Kilichomponza ni neno ‘aina’, na ili nieleze kwa nini, itabidi tuingie ndani ya atomu kidogo. Wale waliokimbia Kemia baada ya kidato cha pili wasiogope, tutakwenda mwendo wa kobe.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. ‘Aina’ ni neno jepesi, kila mtu analijua, na ndiyo sababu watafsiri hulikimbilia. Lakini chukua kaboni. Almasi ni kaboni tupu. Grafiti, ile nyeusi iliyo ndani ya penseli, nayo ni kaboni tupu. Tofauti yao ni mpangilio wa atomu, kama vile matofali yale yale yanavyoweza kujenga msikiti au ghala la mahindi. Sasa njoo kwa sodiamu. Iliyo ndani ya chumvi ya mezani tunaila kila siku, ilhali sodiamu tupu ni metali inayoweza kulipuka ukiitia majini. Tofauti hapa ni elektroni moja tu: ile ya chumvi imeipoteza. Kisha kuna kaboni-12 na kaboni-14, ambazo wanaakiolojia hawachoki kuzitaja. Tofauti yao haiko katika mpangilio wala katika elektroni. Iko ndani ya kiini cha atomu. Mambo matatu haya hayana uhusiano wowote, na mtu akiyaita yote ‘aina’, msomaji atajuaje anaambiwa lipi?

Basi, kiini. Kila atomu ina kiini kidogo sana katikati, na ndani yake mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Elektroni ziko nje. Idadi ya protoni ndiyo huitwa nambari ya atomu, na hiyo ndiyo kitambulisho cha elementi. Protoni 6 ni kaboni. Protoni 7 ni naitrojeni. Protoni 8 ni oksijeni. Hakuna sita na nusu, wala hakuna ‘karibu saba’. Ukiitia naitrojeni protoni moja zaidi, hupati naitrojeni nzito. Umepata oksijeni, kitu kingine kabisa. Sababu ni kwamba idadi ya protoni huamua idadi ya elektroni ambazo atomu itajizungushia, na elektroni ndizo zinazoshikana na kuachana na atomu nyingine. Kwa maneno mengine, zile tabia zote tunazoziita kemia zinategemea hesabu ya protoni.

Nyutroni huongeza uzito, basi. (Wanafizikia watanikumbusha kwamba neno sahihi ni tungamo. Wana haki, lakini leo waniwie radhi.) Kaboni-12 ina protoni 6 na nyutroni 6. Kaboni-14 ina protoni 6 na nyutroni 8. Ile nambari inayoandikwa baada ya kistari ni jumla ya protoni na nyutroni. Si daraja la ubora, wala si tarehe ya kugunduliwa, na wahariri wanaoifuta ili sentensi iwe nyepesi huondoa habari yenyewe.

Hapa ndipo penye jibu la kitendawili ambacho wanafunzi wengi hukikuta bila kuelezwa. Vitabu husema uzito wa atomu ya klorini ni 35.5. Nusu imetoka wapi, na nyutroni haikatwi vipande? Ukweli ni kwamba hakuna atomu hata moja ya klorini yenye uzito huo. Katika kila atomu nne za klorini ya kawaida, takribani tatu ni klorini-35 na moja ni klorini-37. Kadiria wastani wake utapata 35.5. Ni kama takwimu zinaposema familia ina watoto watatu na nusu. Hujapata kuona nusu mtoto akipelekwa shule.

Kwa muda mrefu wanasayansi wenyewe walidhani uzito ndio jina. Mrusi Dmitri Mendeleev alipotunga jedwali lake mwaka wa 1869, alizipanga elementi kuanzia nyepesi hadi nzito, na mpango huo ulimtii karibu kote. Ulikataa mahali pachache. Teluriamu ni nzito kuliko iodini, 127.6 kwa 126.9, lakini kwa tabia ni lazima iodini iwe mbele, chini ya klorini na bromini. Mendeleev alifuata tabia, akadhani kwamba waliopima teluriamu ndio waliokosea. Hawakuwa wamekosea.

Aliyelitatua jambo hili ni kijana Mwingereza, Henry Moseley. Mwaka wa 1913, akiwa Manchester, alirushia metali mbalimbali elektroni na kuipima miale ya eksirei iliyotoka. Aligundua kwamba ukichukua kipeuo cha pili cha marudio ya miale hiyo, kinapanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata, kama mtu anayepanda ngazi. Kobalti ilikaa ngazi ya 27 na nikeli ya 28, ingawa nikeli ndiyo nyepesi. Nambari hiyo ilikuwa haihusiani na uzito moja kwa moja. Ilikuwa ni chaji ya kiini. Ngazi zake zilionyesha hata mapengo, kwa mfano katika nambari 43, 61 na 75, na elementi zilizojaza mapengo hayo zilikuja kupatikana baadaye. Moseley hakuziona. Aliuawa kwa risasi vitani Gallipoli, Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Mwaka ule ule wa 1913, kule Glasgow, Frederick Soddy alikuwa na tatizo la upande wa pili. Alikuwa na vitu vinavyotoa miale kwa njia tofauti, vyenye uzito tofauti, lakini ambavyo hakuna mkemia aliyeweza kuvitenganisha. Ilibidi vikae ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali. Akahitaji neno. Aliyempa neno hilo alikuwa Margaret Todd, daktari na mwandishi wa riwaya, ambaye alitafuta katika Kigiriki: isos, ‘sawa’, na topos, ‘mahali’. Vitu vya mahali pamoja. Mimi kama mtu wa lugha nafurahi kila nikumbukapo kwamba istilahi hii nzito ya sayansi ilitoka kwa mtunzi wa hadithi. Na kumbuka kwamba wakati huo nyutroni yenyewe ilikuwa haijajulikana. James Chadwick aliigundua mwaka wa 1932. Neno lilitangulia maelezo yake kwa miaka karibu ishirini.

Sasa turudi kwetu. Anayejua Kigiriki huisikia maana ya isotopu ndani ya neno. Sisi husikia silabi nne tu. Je, tuna neno la kumsaidia mwanafunzi? Ninadhani tunalo: wajina. Wajina ni mtu mnayeitana naye jina moja, yule ambaye wakazi wa Pwani humwita somo. Kaboni-12 na kaboni-14 ni wajina: jina moja, makazi mamoja katika jedwali, mwili mmoja mzito kuliko mwingine.

Sipendekezi tuifukuze isotopu tuweke wajina. Isotopu imekwisha kukaa katika ngeli ya I-ZI bila matata, na msomi wa Nairobi na wa Dodoma wanaitumia kwa maana moja. Hilo si jambo dogo katika lugha ambayo hata ‘nambari’ na ‘namba’ hatujakubaliana. Isitoshe, wajina wa kibinadamu wana kasoro. Juma wa jirani anaweza kuwa mpole na Juma wa kwetu mkorofi. Isotopu za elementi moja hazitofautiani tabia hivyo: ukiziuliza swali la kemia, hujibu kwa sauti moja. (Hidrojeni ndiyo hujitenga kidogo, kwa kuwa nyutroni moja tu huongeza uzito wake maradufu; barafu ya maji yaliyotengenezwa kwa hidrojeni-2 huzama ukiitia katika maji ya kawaida.) Kwa hiyo isotopu ibaki kuwa istilahi, na wajina liwe neno la mwalimu la kuelezea.

Na tezi ya shingo ndipo mahali pazuri pa kuonyesha maana ya kujibu kwa sauti moja. Tezi hii inahitaji iodini ili itengeneze homoni zake. Mtu akiikosa kwa muda mrefu, huweza kupata rovu, na ndiyo maana chumvi yetu hutiwa iodini. Iodini hiyo ni iodini-127, yenye protoni 53 na nyutroni 74. Ni tulivu, haivunjiki. Iodini-131 ina protoni zile zile 53 lakini nyutroni 78, na kiini chake hakitulii. Kila baada ya siku 8 hivi, nusu ya atomu zake huwa zimevunjika: nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, hesabu ikawa 54, na iodini ikawa zenoni, huku miale ikitoka. Tezi haijui hayo. Haihesabu nyutroni. Inaona protoni 53, inaona elektroni zinazoandamana nazo, inafungua mlango.

Mlango huo ndio uliowaponza watoto wengi mwaka wa 1986, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka. Iodini-131 iliangukia nyasi, ng’ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na tezi zao zikaikusanya. Maelfu baadaye walipata saratani ya tezi hiyo. Vidonge vya iodini ambavyo hutolewa katika dharura za namna hiyo hufanya kazi kwa hila rahisi: huijaza tezi iodini-127 mapema, ili iodini-131 ikija ikute hakuna nafasi.

Daktari wa saratani huigeuza hila hiyo kichwa chini. Anataka tezi iwe na njaa. Humnyima mgonjwa iodini-127 kwa siku kadhaa, kisha humpa iodini-131. Seli za tezi zilizobaki, pamoja na zile za saratani popote zilipojificha mwilini, huidaka kwa pupa, na miale huziua kwa ndani. Basi aya mbili za msomaji wangu hazipingani hata kidogo. Ya kwanza inaitayarisha ya pili. Ningemshauri aandike hivi katika aya ya kwanza: ‘Jiepushe na iodini ya chakula ili tezi iwe na uhaba.’ Na katika ya pili: ‘Utameza iodini-131, isotopu nururifu ya iodini. Mwili utaipokea kama ile ya chumvi, lakini hii hutoa miale inayoua seli za saratani.’ Nambari isiachwe. Mgonjwa anayeambiwa ‘aina ya iodini’ anaweza kudhani amepewa chumvi ya bei ghali, akarudi nyumbani na kumpakata mjukuu wake, ilhali kwa siku kadhaa baada ya dawa hiyo hutakiwa akae mbali na watoto na wajawazito.

Mahali pengine ambapo ‘aina’ hutuangusha ni katika habari za urani. Urani yote ina protoni 92. Lakini zaidi ya asilimia 99 ya ile inayochimbwa ardhini ni urani-238, na urani-235, ambayo ndiyo inayoweza kuendeleza mfululizo wa mipasuko katika bomu, ni asilimia 0.7 tu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga, katika Kongo ya Waswahili wenzetu. Mawe yalichimbwa huko, lakini mawe si bomu. Kazi iliyowachukua Wamarekani miaka, na viwanda vikubwa ajabu kule Oak Ridge, Tennessee, ilikuwa kuwatenganisha wajina wawili ambao hakuna asidi wala moto unaoweza kuwatofautisha. Kemia haikuwa na la kufanya. Ilibidi watumie tofauti ndogo ya uzito, nyutroni tatu kati ya chembe zaidi ya 230, wakirudia na kurudia. Hadi leo, mtu anaposoma kwamba nchi fulani ‘inarutubisha urani’, kinachosemwa ni kwamba inaongeza sehemu ya urani-235. Mbolea haimo.

Nimalizie na kinyume cha wajina, kwa sababu ndicho kinachothibitisha kwamba uzito si jina. Chukua nambari 40. Kuna potasiamu-40, argoni-40 na kalisiamu-40. Uzito ni karibu uleule, majina matatu, na tabia ni za mbingu na ardhi. Potasiamu, protoni 19, ni metali inayowaka moto ikigusa maji. Argoni, protoni 18, ni gesi isiyojishughulisha na mtu. Hata jina lake ni la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Kalisiamu, protoni 20, imo katika mifupa yako.

Potasiamu-40 ni adimu, kama atomu 12 katika kila 100,000 za potasiamu, lakini imo katika ndizi, katika maharagwe na katika damu yako. Mwilini mwa mtu mzima, zaidi ya atomu 4,000 za potasiamu-40 huvunjika kila sekunde, na hakuna anayesikia chochote. Zinapovunjika, takribani tisa kati ya kumi hugeuka kalisiamu-40, na moja hivi hugeuka argoni-40. Ni kazi ya polepole mno. Inachukua miaka bilioni 1.25 nusu yake kuisha.

Polepole hiyo ndiyo iliyofaa kule Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus mnamo Julai 1959, swali likawa ni la lini. Mumewe, Louis, alikisia kama miaka 600,000. Fuvu lilikuwa kati ya tabaka za majivu ya volkano, na majivu hayo yana potasiamu. Mwamba ukiyeyuka, argoni iliyokuwemo hutoroka, maana ni gesi na haijashikana na chochote. Ukiganda, saa huanzia sufuri: kila argoni-40 itakayozaliwa baada ya hapo hunaswa ndani ya fuwele. Jack Evernden na Garniss Curtis, wa Chuo Kikuu cha California, waliyapima majivu hayo, na mwaka wa 1961 wakatangaza pamoja na Leakey: miaka milioni 1.75. Saa yote hiyo inategemea protoni moja kupungua, 19 ikawa 18, na metali iliyofungwa na jirani zake ikawa gesi isiyofungwa na yeyote.

Argoni hiyo hiyo hufunga hesabu iliyoachwa wazi katika jedwali. Ilipogunduliwa mwaka wa 1894, ilionekana kuwa nzito kuliko potasiamu, 39.9 kwa 39.1, ingawa tabia yake iliidai nafasi ya mbele yake. Ulikuwa ni ukaidi ule ule wa teluriamu na iodini. Sababu ni kwamba karibu argoni yote tunayoivuta puani, kama asilimia moja ya hewa, ni argoni-40, na hiyo imezaliwa na potasiamu ya miamba iliyokuwa ikivunjika tangu dunia iumbwe.